Karatasi Iliyoshonwa kwa Uzi wa Nyavu

Hasira yangu haijui kungoja, na wateja wangu wa Makiso, hapa Kisangani, wanajua hivyo. Wanaingia, wanasema bonjour, wanaweka flash yao mezani, wananyamaza. Niko na secrétariat public nyuma ya posta: ordinateur mbili za kupigia maandishi, imprimante moja ya kuchapa rangi, mashine ya fotokopi inayomeza karatasi ikijisikia, na groupe ya kutoa umeme nje kwa sababu courant inakuja na kuondoka bila kuaga. Napiga kazi za wanafunzi, barua za kuomba kazi, programu za misa za matanga. Mwaka huu, tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi na zile ndege zisizo na rubani zije kutafuta uwanja wetu wa ndege wa Bangoka, kila mtu anataka fotokopi ya kila alicho nacho: cheti cha ndoa, cha ubatizo, cha parcelle, yaani kiwanja chake. Foleni inafika barabarani.

Jumanne moja ya mwezi wa nne akaingia Madame Kanyere. Anafundisha historia pale université. Ni mtu wa Butembo, ndugu zake wote wanauza jumla, mchele na sukari na sabuni, yeye peke yake alikwenda kwa vitabu na hadi leo wanamcheka kwa hilo.

"Viviane, unitolee hizi picha na rangi," alisema. "Iko maonyesho ya ku internet. Nyaraka za taifa za inchi moja ya Waarabu, wameweka barua zao za zamani watu wote waone. Kuko hata za hapa kwetu, za Stanley Falls! Mi niko na wanafunzi mia moja, hakuna hata mumoja ameshaona barua ya ile wakati na macho yake."

"Megas za internet ni zako?"

"Ni zangu."

"Bon."

Maonyesho yenyewe yaliitwa Urafiki wa Bahari na Mto. Maelezo yalikuwa kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, na chini kabisa kwa Kiswahili kile safi cha pwani. Karatasi ya kwanza ikatoka: orodha ya pembe za ndovu. Ya pili: salamu ndefu za mfanyabiashara kwa mama yake. Ya tatu sikuiangalia. Ya nne ilipotoka nusu, nikaikamata na mikono miwili, wino haujakauka bado.

Hiyo karatasi naijua. Ilichanika katikati nilipokuwa na miaka saba, siku sanduku la baba yangu, papa, lilipoanguka ndani ya pirogue, mtumbwi wetu, na koko Berthe, mama yake papa, aliishona. Ndiyo, aliishona! Sisi ni watu wa mto, wa Yanonge. Kwetu kitu kikichanika kinashonwa, na nyumbani hapakuwa na uzi mwingine ila ule mweusi wa kushonea nyavu. Alikaa chini na sindano yake ya mbao, akatoboa barua ya wazee, akatia mafundo kumi na moja. Papa alipoona alishika kichwa. Koko akamwambia, "Sasa haitapasuka tena. Unalia nini?"

Na chini ya picha wale mabwana waliandika nini? "Mshono huu adimu unadhihirisha ustadi wa makatibu wa pwani." Ustadi wa makatibu! Koko yangu hakujua kuandika hata jina lake, alijua kushona wavu wa samaki, na wao huko kwenye kiyoyozi chao wamempa shahada.

"Madame," nikasema, "hii karatasi ni ya kwetu."

Kanyere akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha.

Hapo lazima niseme habari ya tonton Constant, baba yangu mdogo, la sivyo mtanidhania mwendawazimu.

Papa yangu, Hubert Likaka, alitulea na ile karatasi. Hakuna kati yetu aliyeweza kuisoma, herufi zake ni za Kiarabu, lakini papa alijua inasema nini, maana aliambiwa na baba yake, na baba yake na baba yake: kwamba mzee wetu Bosenga alikuwa chifu mkubwa, na Waarabu wa maporomoko walimheshimu hata wakamwandikia barua ya urafiki. Kila ndoa, kila Noeli, sanduku linafunguliwa, wakwe wanaonyeshwa. Kwa sababu ya karatasi ile papa alikaa kiti cha mbele kwenye kila kikao cha watu wa Yanonge hapa mjini. Na sisi watoto tulitembea shingo juu.

Halafu, mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni yakagombania mji ambao si wao. Siku sita za mabomu juu ya paa zetu. Sisi tulikimbilia parokia. Tonton Constant, leki ya papa, ndugu yake mdogo wa tumbo moja, alibaki kulinda nyumba kwa sababu papa alimwomba. Siku sita peke yake chini ya meza. Tuliporudi, nyumba imesimama, sanduku liko wazi, karatasi hakuna. Papa akasema mbele yetu wote, "Constant, ni weye peke yako ulikuwa humu." Tonton akafungua mdomo. Akaniangalia mimi, akamwangalia mdogo wangu Jephté, akaufunga. Kwetu leki hamwiti yaya yake, ndugu yake mkubwa, muongo mbele ya watoto wake, ni sawa na kumvua nguo barabarani. Tulilijua hilo vizuri, na bado tukauchukua ukimya wake tukasema amekubali.

Alifukuzwa siku ileile. Akaenda Ubundu, mwisho wa reli, akawa anashusha mizigo ya pirogue. Mama alipokufa mwaka 2011 alikuja kwenye matanga. Papa akasema mwizi hapiti mlango wangu. Na nani alisimama mlangoni kumzuia? Mimi, Viviane, ambaye yeye ndiye alinifundisha kupanda baiskeli. Alikaa siku tatu ng'ambo ya barabara, juu ya tofali. Mvua ilinyesha. Sikumpelekea hata kiti.

Sasa, wiki mbili kabla ya ile Jumanne, alinipigia simu. Wakimbizi wa Walikale walikuwa wamefika hadi Ubundu, watu wanapakia vyombo, wenye nguvu wameshaondoka. Yeye ana miaka sabini, mke amekufa, goti moja halikunji. "Viviane, uniombee kwa yaya," alisema. "Nipate tu fasi ya kuweka matela, nilale. Sitaki kufia mu pori nikikimbia." Nikaenda kumwomba papa. Papa, miaka sabini na tisa, kwenye kiti chake, akasema, "Mwizi afie kwenye alikwenda." Tangu siku ile tonton alipiga simu kila asubuhi, na kila asubuhi nilimwambia angoje kidogo.

Kwa hiyo nilipoishika ile karatasi, macho yangu yalienda moja kwa moja kwenye maandishi ya chini. "Zawadi ya Bw. Hubert Likaka, Kisangani, tarehe 14 Mei 2000." Nikasoma tena. Mei! Bomu la kwanza lilianguka mwezi wa sita. Karatasi iliondoka kwetu wiki tatu kabla, kwa mkono wa papa mwenyewe, na sahihi yake waliiweka pembeni kwa picha ndogo, ile H yake yenye mkia. Madame Kanyere akaninyang'anya karatasi, akanisomea yeye tafsiri ya Kiswahili.

"Mimi Bosenga wa Yanonge nimemtoa ndugu yangu mdogo Lifeta kwa pembe moja na bunduki moja. Sina dai juu yake tena. Maporomoko, mwaka 1304 wa Hijra."

"Soma tena," nikasema.

Akasoma tena, polepole, kisha akaiweka mezani. "Viviane, pole sana," alisema. Urafiki wa Bahari na Mto! Mtu ameuzwa na ndugu yake, wao wanamweka kwenye ukurasa wenye maua pembeni na kuuita urafiki. Nilitaka kuitupa imprimante nje ya dirisha, ila bado sijamaliza kuilipa.

Nilifunga secrétariat na foleni ikiwa mlangoni. Toleka aliyenibeba kwa baiskeli yake hadi kwetu Kabondo aliniuliza kama kuna msiba. "Kanyaga tu," nikamwambia.

Papa na Jephté walikuwa wanakula pondu, majani ya muhogo. Huyu mdogo wangu ni mtu wa amani, maana yake anakubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Nikaiweka karatasi kando ya sahani.

"Papa, hii ni nini?"

Mkono wake ukasimama hewani na tonge la fufu. "Umeitoa wapi?"

"Kwa internet! Dunia muzima inaiona, na jina yako, na sahihi yako. Mwezi wa tano, papa. Wa tano!"

"Usinipigie makelele kwa nyumba yangu."

"Nitapiga! Miaka makumi mbili na tano tonton anaitwa mwizi, kumbe ni weye ulitoa!"

Jephté akasema "oh, oh, oh," kama kawaida yake. Papa akanawa mikono taratibu sana, kidole kimoja kimoja, nikaona nitapasuka. Kisha akasema yote bila kuniangalia. Mwaka ule alitaka kuipeleka karatasi kwa ofisi ya commune kudai ardhi ya wazee, ikabidi isomwe. Kulikuwa na Muarabu mmoja mnunuzi wa almasi pale centre, mpenda vitu vya zamani. Walikwenda kwake wawili, yeye na Constant. Yule mtu akasoma, akawaangalia, akasoma tena.

"Tonton alisikia?"

"Alisikia."

"Na kwa nini hukuichoma basi?"

"Nani anachoma kitu ya wazee?" Alinishangaa kweli. "Nilimuambia, alors, peleka kwenu, mbali, ng'ambo ya bahari, kule mutu wa Yanonge hawezi kufika. Akaniandikisha pale. Akasema ni formalité."

Basi ndivyo alivyofikiri papa yangu: kwamba ng'ambo ya bahari ni shimo. Kitu kikienda huko hakirudi. Hakujua kwamba siku moja kitarudi kwa rangi, kwa imprimante ya binti yake.

"Kisha bomu ilianguka," akasema, "watu wakauliza karatasi iko wapi. Mulitaka niseme nini? Kwamba sisi ni wajukuu ya mutu aliuza leki yake?"

"Na weye," nikasema, "leki yako umemufanya nini?"

Inzi walishuka kwenye pondu na hakuna aliyewafukuza. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, "Constant akuye hapa. Nitamusamehe mbele ya watu. Lakini hii karatasi, hakuna mutu ataitaja."

"Umusamehe nini? Umusamehe nini, papa?"

Jephté akanivuta kando. "Yaya Viviane, unataka tonton afike, ao unataka kushinda papa? Ile vita haitungoji."

Hapo alinipata, mshenzi yule. Kila siku redio ilitaja kijiji kingine. Nikaikunja karatasi, nikaitia kifuani, nikasema ndiyo. Ndiyo ile najichukia nayo hadi leo.

Nilimpigia tonton. "Kuya. Papa amekubali."

"Amesema nini?"

"Amesema ukuye."

"Nzambe wa mbinguni aliona," akasema, na nikasikia analia.

Alifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana, siku mbili kwa pikipiki na pirogue ya kuvukia kutoka Lubunga. Papa alikuwa amejitayarisha kuliko arusi. Alivaa shati jeupe. Alipanga viti uwanjani, akaita majirani, wakubwa wa Yanonge wanaokaa mjini, hata katekista. Alitaka ionekane. Mimi nilikaanga mikate midogo tangu asubuhi, nikiunguza nusu kwa hasira.

Tonton alisimama mlangoni mwa parcelle na matela yake, godoro jembamba lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa amekwisha, shingo nyembamba, kichwa cheupe. Hakuingia. Aliniangalia mimi, kwa sababu mara ya mwisho ni mimi nilikuwa pale mlangoni.

"Nipite?" akaniuliza.

Mungu wangu! Nilimpokea matela, nikampisha.

Papa akasimama. Alizungumza vizuri, hilo hatujawahi kumnyima. Akasema leki yake alipotea, alitwaa kitu cha wazee, aliacha familia bila kumbukumbu. Kwamba yeye aliumia miaka mingi. Lakini vita vinatufundisha, na leo, mbele ya Mungu na mbele ya watu wa Yanonge, anamsamehe. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Katekista akasema, "Papa Constant, omba ndugu yako musamaha, ile mambo iishe."

Tonton akaanza kupiga magoti. Goti moja likashuka, lingine likakataa, mguu ukabaki umetoka pembeni, akashika kiti asianguke. Nyuma kuna mtu alicheka. Papa alinyoosha mkono na kungoja, hakumsaidia.

"Yaya," tonton akaanza, "unisamehe kwa ile ni..."

Sikupanga. Naapa sikupanga. Nilishtukia karatasi imetoka kifuani na sauti yangu inasoma, kubwa, ile ninayotumia kuwaita wateja walio barabarani. "Zawadi ya Bwana Hubert Likaka! Kisangani! Tarehe kumi na ine, mwezi wa tano, elfu mbili!"

"Viviane!" Papa akapaza sauti.

Jephté akanirukia, nikamsukuma akaanguka juu ya viti. Nikasoma yote. Nikasoma Bosenga, nikasoma Lifeta, nikasoma pembe moja na bunduki moja. Nikawaonyesha mshono wa koko Berthe, na wakubwa wa Yanonge, ambao wote waliiona karatasi ile kwenye ndoa zetu, wakainuka kuja kutazama karibu. Nikawauliza, "Bomu ilianguka mwezi gani? Muniambie! Mwezi gani?"

"Wa sita," akajibu katekista, polepole.

Papa alikuwa amebaki na mkono wake umenyooshwa. Akaushusha. Akaingia ndani, na tulisikia ufunguo wa chumba chake ukizunguka. Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, mikate yangu ikabaki kwenye sinia.

Tonton alikuwa bado chini. Nilipomwinua, alisimama, kisha akautoa mkono wake kwenye wangu.

"Nilikuwa karibu kumaliza," akasema. "Neno moja tu ilibakia. Ningelala ndani."

"Tonton, haukuiba kitu! Ulikuwa pale wakati Muarabu alisoma!"

"Nilikuwa pale. Papa yako alilia njia yote ya kurudi, akaniomba batoto basijue. Nikamuapia. Miaka makumi mbili na tano, Viviane. Mvua iliniloanisha pale ng'ambo ya barabara, nikatunza ile siri. Weye umeimwanga kwa dakika moja. Nani alikutuma?"

Nilipaswa kuomba msamaha. Badala yake hasira ilinipanda upya, sasa hata juu yake, mzee wa watu, na goti lake.

"Na mi je? Mi nilikuzuia kwa matanga ya mama! Mi nilikuita mwizi na kinywa yangu! Mulinifanya askari wa uongo yenu, ninyi bawili, na hakuna mumoja aliniuliza kama nataka ile kazi!"

Alipangusa vumbi la goti.

"Ile ni kweli," akasema. "Ile sikuwaza."

Kisha akainama kuchukua matela yake, nikajua anataka kwenda, na wapi sasa, Ubundu? Nikaikamata mimi kwanza. Nikapita nayo salon, nikamruka Jephté aliyekuwa anaokota viti, nikaingia kwenye ule ujia mwembamba wa ndani, nikakata mpira na meno, nikaitandika chini, mbele ya mlango wa papa, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Viviane, hapa ni njia," tonton akasema nyuma yangu.

"Najua." Nikapiga mlango kwa kiganja. "Papa! Leki yako analala hapa. Ukitaka kutoka, utamuomba akupishe."

Tonton alisimama pale na mfuko wake begani, nikadhani atageuka. Hakugeuka. Alishikilia ukuta, akajishusha kidogo kidogo mpaka akaketi, mguu wake mgumu akaunyoosha mbele ya mlango.

"Yaya," akasema, mdomo karibu na ubao. "Ni mi."

Mlango haukufunguka. Tonton akavua viatu.